Kablasha Lenye Mhuri

Leo sina utangulizi, nina kablasha. Ngoja nilisogeze kwenye maiki nilipekue kidogo mlisikie. Hizo ni karatasi 42, zimebanwa ubavuni kwa springi ya plastiki, mbele nailoni inayong'aa, nyuma kadi ya bluu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa herufi nene: Mafunzo ya Uchechemuzi kwa Vijana Wenye Ulemavu. Chini yake kuna saini, na juu ya saini kuna mhuri, umekaa upande kama mihuri yetu inavyopenda kukaa. Aliyeliandika kablasha hili ni mimi ninayesema nanyi.

Nililiandaa kwa ajili ya semina ya siku tatu katika mji mmoja wa Kanda ya Kati, Tanzania. Walialikwa vijana ishirini na wanne: wasioona, viziwi, wenye ualbino, wenye ulemavu wa viungo, na wawili wenye ulemavu wa akili waliokuja na mama zao. Asubuhi ya kwanza nilipita mwenyewe kiti kwa kiti nikigawa, kama mtu anayegawa sahani za pilau kwenye harusi ya mwanawe. Dada mmoja aliyekaa karibu na dirisha alilipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante mwalimu, akapapasa jalada, akalipima uzito, kisha akainama akaliweka chini ya kiti, kando ya fimbo yake nyeupe. Basi. Hakulalamika. Saa nne, kwenye chai, nilimkuta kwenye meza ya maandazi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwalimu, kablasha lako zito. Ndani limeandikwa nini?"

Nilishikwa na aibu, nikafanya tunachofanya wengi tukishikwa na aibu: nikaahidi. Nikamwambia jioni nitamtumia nakala kwenye simu, kwa kuwa simu yake inasoma. Nikatuma kweli. Kesho yake akaja na majibu. "Simu imeniambia ukurasa wa kwanza picha, ukurasa wa pili picha, ukurasa wa tatu picha. Nilipofika wa kumi na nne nikalala."

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kukaa karibu na mtu asiyeona akitumia simu: ndani ya simu ile kuna programu inayotamka kilichopo kwenye skrini. Mwenye simu anapitisha kidole, nayo inamtajia. Kwenye simu za Android inaitwa TalkBack. Kwenye kompyuta wengi wanatumia NVDA, ambayo haiuzwi, inapatikana bure. Sasa, programu hizi zinasoma herufi. Na kablasha langu lilikuwa limepita safari ile ya ofisini mnayoijua. Liliandikwa kwenye kompyuta, likachapwa, likapelekwa kwa mkubwa, mkubwa akasaini, karani akagonga mhuri, kisha likaingizwa kwenye mashine ya kuskani. Kilichotoka huko hakikuwa maandishi tena, ilikuwa picha ya maandishi, sawasawa na kupiga picha bango la barabarani. Kwa macho yangu hakuna kilichobadilika. Kwa simu ya yule dada, nilimtumia picha arobaini na mbili za karatasi. Mhuri tuliougonga ili kablasha liaminike ndio uliolifunga mdomo. Na faili la mwanzo, lile ambalo lingesomeka, lilikuwa kwenye kompyuta iliyokuwa hatua mbili kutoka kwenye ile mashine. Kulituma kusingetugharimu hata senti. Hakuna aliyeliwaza, na wa kwanza wa kutowaza ni mimi.

Nisimame kidogo kwenye neno lililo juu ya jalada. Uchechemuzi. Wanaofanya kazi kwenye asasi wanalitumia kila siku, wakimaanisha kazi ya kusukuma jambo mpaka wenye mamlaka walishughulikie. Huku mtaani mtu akilisikia harakaharaka anasikia kuchechemea. Kaka mmoja anayetembea kwa magongo aliniuliza, bila hata kutabasamu, kama semina ile ilikuwa ya kumfundisha kuchechemea, maana hilo analiweza tangu ana miaka minne. Ukumbi ulicheka, nami nikacheka, lakini usiku nililifikiria. Tumechukua kitu ambacho bibi yangu angekiita kudai haki yako, tukakivika neno ambalo mwenye haki lazima atafsiriwe.

Na tulichotaka kuwafundisha kilikuwa na maana kubwa, nisijidhalilishe kupita kiasi. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana, na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea mwaka 2024. Chukua halmashauri ambayo mapato yanayohusika ni shilingi bilioni 1. Asilimia 2 ni milioni 20. Kijana anayeijua hesabu hiyo ana la kuuliza kwenye mkutano: zile milioni 20 zimetolewa, zimepewa kikundi kipi, na kama hazijatolewa zimelala wapi? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inaunda kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa kwenda juu, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Yote hayo nilikuwa nimeyaandika. Yalikuwa ukurasa wa 17 hadi wa 23, kwenye majedwali yenye rangi.

Kwa hiyo utaona jambo lilivyopinda. Nimemwita kijana nimfundishe kuuliza, na kitu cha kwanza nilichomtia mkononi kimemfundisha kutouliza. Alipokea, akashukuru, akaweka chini ya kiti. Hiyo ndiyo adabu aliyofundishwa tangu darasa la kwanza: vitabu hugawiwa, wewe subiri, atakuja mwenzako akusomee akipata nafasi. Kablasha langu lilikuwa limeshatoa somo kabla mimi sijafungua mdomo, na somo lake lilikuwa kinyume cha langu. Baada ya hapo ningeweza kuzungumza siku tatu juu ya kupaza sauti, na projekta, na nyimbo za kuamsha ukumbi, lakini kilichomwingia kijana ni kile cha asubuhi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una kifungu cha 21 kinachohusu habari. Kinasema habari zinazotolewa kwa umma ziwafikie watu wenye ulemavu katika namna wanazoweza kuzitumia, kwa wakati, na bila gharama ya ziada. Hayo maneno mawili ya mwisho, kwa wakati na bila gharama ya ziada, ningeomba kila mwandaaji wa semina ayabandike ukutani. Mimi nilitimiza nini? Nakala ya dada yule ilifika jioni, baada ya somo lenyewe kwisha, na ilifika ikiwa haisomeki.

Siku ya pili nikataka kujikosha, nikauliza kama tungeweza kupata nakala za nukta nundu. Wenye kujua wakanihurumia. Nukta nundu ni maandishi ya kuguswa. Kila herufi hutokana na mpangilio wa nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu. Si mageni kwetu: shule ya wasioona ya Buigiri, kule Dodoma, ilianza mwaka 1950. Ila yana tabia zake. Ukurasa mmoja wa maandishi ya kawaida huzaa kurasa mbili hadi tatu za nukta nundu, tena kwenye karatasi nene. Kablasha langu la kurasa 42 lingekuwa mzigo wa kurasa kama mia moja kwa kila mtu, mzigo wa kubeba begani. Na karatasi hizo hazitaki kubanwa. Mwalimu mmoja aliwahi kunisimulia jinsi alivyosafirisha vitabu vya nukta nundu kwenye buti la basi, juu yake wakapakia magunia ya mchele. Vilipofika, nukta zilikuwa zimelala. Vidole vikipita vinakutana na uwanda. Kitabu kipo, kurasa zipo zote, maandishi yamefutwa na uzito.

Yule dada alinionesha jinsi ya kuandika kwa mkono. Unabana karatasi kwenye kibao chenye matundu, unashika kijiti chenye ncha, unachoma nukta moja moja kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikiwa imegeuzwa, ili ukiigeuza karatasi nundu zitokee upande wa pili zisomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Niliomba nijaribu jina langu. Lilinichukua dakika sita na nikakosea herufi mbili. Yeye katika dakika hizo aliandika sentensi tatu, akanigeuzia karatasi, akashika kidole changu cha shahada akakipitisha juu yake. Sikusoma kitu. Nilihisi punje za mchanga.

Mnajua nani aliyetengeneza maandishi haya? Kijana. Louis Braille alizaliwa Ufaransa mwaka 1809, akapoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto, na kufikia mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshaupata mfumo wake. Kabla yake palikuwa na mwanajeshi, Charles Barbier, mtu mwenye nia njema na macho mazima, aliyebuni maandishi ya nukta 12. Tatizo ni kwamba nukta 12 hazienei kwenye ncha ya kidole; ilibidi kidole kipande na kushuka ndipo kikamilishe alama moja. Barbier hakuliona hilo kwa sababu hakusoma kwa kidole. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kijana wa miaka 15 alipunguza nukta kwa nusu, na mpaka leo dunia inasoma za kwake. Na ile NVDA niliyoitaja ilianzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili, Michael Curran na James Teh, wote hawaoni, waliochoka na bei za programu zilizokuwa zikiuzwa. Mimi kablasha langu nililiandika na nani? Na mhasibu, na mkubwa wa kitengo.

Turudi kwenye simu, maana kuna jambo lingine wengi hawalijui. Hata faili likiwa zuri, simu inaweza kulisoma kwa sauti ya Mzungu. Kama haikuwekewa sauti ya Kiswahili, inalitamka kila neno kana kwamba ni Kiingereza. Neno wake linakuwa weki, pole inakuwa pouli. Nilisikilizishwa ukurasa mzima wa haki za mtoto ukisomwa hivyo, nikashindwa kujizuia kucheka. Yule dada akasema yeye ameshamzoea Mzungu wake, wanaelewana. Lakini akaongeza, na hili sikuwa nimelitazamia, kwamba kinachomchosha zaidi si lafudhi. Ni vifupisho. Kablasha langu lilikuwa na WWU, AZAKi, MTEF na vingine vya aina hiyo kila mstari wa tatu, na simu inavitamka kama mtu anayepiga chafya.

Sasa viziwi. Hapa ninaona haya zaidi, kwa sababu nilidhani nimewaweza. Nilimwajiri mkalimani mmoja wa lugha ya alama, na makablasha yapo, wao macho wanayo, watasoma. Ndivyo tunavyofikiri karibu wote. Fikiri mtoto aliyezaliwa kiziwi katika nyumba ya watu wanaosikia. Hakuna anayejua alama, kwa hiyo anaanza shule akiwa hana lugha ya kutosha, wakati mwenzake wa jirani ana maelfu ya maneno. Lugha yake ya kwanza ni ya alama, na hiyo ina mpangilio wake, si Kiswahili kilichowekwa mikononi. Kiswahili cha kuandikwa kwake ni lugha ya pili, ya kujifunzia shuleni, bila kuwahi kuisikia. Mimi nilimpa sentensi ya mistari minne yenye michakato shirikishi ndani yake. Ni sawa na kunipa mimi sheria za Ujerumani nisome mwenyewe kwa kuwa herufi zao nazijua.

Na yule mkalimani maskini. Kazi ile inataka watu wawili wanaopokezana kila baada ya dakika ishirini au thelathini hivi, maana akili inachoka kabla ya mikono. Wa kwangu alikuwa peke yake kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Kila nilipotamka neno ambalo halina alama inayofahamika ukumbini, ilimbidi aliandike hewani herufi kwa herufi. U, c, h, e, c, h, e, m, u, z, i. Mara ngapi kwa siku? Kufikia saa nane kijana mmoja kiziwi alikuwa amekunja mikono anatazama nje. Mikono ikikunjwa hivyo, mazungumzo yamekatika. Na wale waliokuwa makini walikuwa wanasahihishana alama wao kwa wao, kwa sababu alama hutofautiana kufuata shule mtu aliyokulia.

Majirani zetu wamelipa jambo hili uzito wa sheria kubwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja lugha ya ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Uganda ilimwingiza kiziwi bungeni, Alex Ndeezi, mwaka 1996. Lakini sheria kubwa haimpigii kijana video, na kinachomfaa kiziwi kama nakala ya kuondoka nayo ni video: mtu mwenye alama fasaha, nguo ya rangi moja isiyofanana na ngozi ya mikono, ukuta mtupu nyuma, mwanga usoni, na mikono isikatwe na fremu. Si kile kiboksi cha pembeni tunachokiona kwenye taarifa ya habari, mkalimani mdogo kama stempu.

Halafu video inakula bando. Hili ndilo lililoniuma kuliko yote. Ujumbe uleule, wewe na mimi tunaupata kwa maandishi ya kilobaiti chache. Kiziwi analipia megabaiti mia. Asiyeona naye analipia karatasi tatu mahali pa moja. Ile "bila gharama ya ziada" ya kifungu cha 21 inavunjwa kimyakimya, shilingi mia tano kwa shilingi mia tano, na anayelipa ni kijana asiye na ajira. Ukigawa video, gawa kwenye kadi ya kumbukumbu, au mpe mtu bando. Na mimi ninayesema haya ninayasema redioni, mahali ambapo viziwi wote wa nchi hii hawapo. Ndiyo maana nimeyaandika. Maandishi yapo, sentensi fupi, faili la kawaida, hayana mhuri.

Kuhusu ukumbi sitasema mengi, wengine wameshasema: ngazi, choo kisichopitisha kiti mwendo, meza. Kuhusu wenye ualbino niseme moja tu, kwamba tukiwawaza tunawaza mafuta ya jua na kofia, tunasahau kwamba wengi wao wana uoni hafifu. Slaidi zangu zilikuwa za njano juu ya nyeupe. Vijana watatu walisogea mpaka meta moja kutoka ukutani, wakawa wanazizuia kwa vivuli vyao wenyewe.

Wale wawili wenye ulemavu wa akili sikuwa nimewaandalia kitu, niseme ukweli. Niliona mama zao wapo. Kijana mmoja, ana miaka kumi na tisa, alikuwa anapekua kablasha akitafuta picha, na picha ilikuwa moja tu: mikono miwili inayoshikana, ile inayowekwa kila mahali. Akainua mkono akauliza, "Hawa wanaagana?" Nikasema hapana, hiyo ni ushirikiano. Akaitazama tena, akasema, "Wanaagana." Na ukiitazama bila kuambiwa, kweli, hakuna kinachoonesha kwamba ndiyo kwanza wamekutana. Mama yake akamwambia nyamaza, mwalimu anafundisha. Aliyekuwa anafundisha saa ile alikuwa yeye.

Tangu pale nilibadilisha namna ya kufanya kazi, taratibu na kwa makosa mengine. Semina iliyofuata hatukuanza na kablasha. Tulianza miezi mitatu kabla, na vijana wanne kutoka ile ya kwanza: yule dada, yule kiziwi aliyekunja mikono, kaka wa magongo, na yule kijana wa picha pamoja na mama yake. Tuliwalipa kama tunavyomlipa mshauri yeyote, na juu ya hilo nilibishana sana na wahasibu, waliotaka waitwe washiriki wapewe nauli na soda. Nikawaambia mtu anayekusomea mkataba unamwita mwanasheria, hata kama amekaa tu.

Wakaanza na sentensi ya lengo. Ilisema: "Kuwajengea vijana uwezo wa kufanya uchechemuzi wenye tija katika michakato shirikishi ya upangaji wa bajeti ngazi za msingi." Tuliisoma kwa sauti. Mama wa kijana wa picha akasema, nimesikia vijana na nimesikia bajeti, hapo katikati nimepotea. Baada ya saa nzima ikawa hivi: "Halmashauri ina pesa. Kila mwaka inapanga pesa hiyo ifanye nini. Sehemu ya pesa ni yako. Una haki ya kuuliza. Uliza kabla ya mwezi wa saba." Picha ya mikono ikaondoka, ikaja ya mtu amesimama mbele ya meza, ameshika karatasi, mwenye meza anamtazama. Kijana akaikubali. "Huyu anauliza," akasema.

Yule dada akadai vichwa vidogo. Mimi nikasema vipo, nimevikoleza. Akasema kukoleza ni kwa macho yako. Kwenye kompyuta kuna mahali unaiambia kwamba huu ni mstari wa kichwa, nayo ndipo itamruhusu msomaji kuruka kutoka kichwa hadi kichwa badala ya kutambaa mstari kwa mstari. Nimetumia kompyuta miaka ishirini sikujua. Majedwali akayapasua: kila safu ikawa sentensi. Yule kiziwi akataka video zikatwe dakika mbilimbili, kila moja na swali lake, apate kumtumia mwenzake ile moja inayohitajika bila kumtafuna bando. Tulipomaliza kutoa maneno yasiyo na kazi, kurasa 42 zilikuwa zimebaki 11. Za nukta nundu hazikufika 30, zinaingia kwenye mkoba. Na tukaandika kwenye barua ya mwaliko swali moja: unapenda kupata maandishi kwa namna gani? Maana si kila asiyeona anasoma nukta nundu. Aliyepoteza uoni akiwa mkubwa huenda anataka sauti tu. Ofisi moja ilituletea hofu ya hakimiliki tulipotaka kugeuza kitabu chao kuwa sauti. Tukawakumbusha kwamba Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh, ambao kazi yake hasa ni kuondoa kikwazo hicho kwa wasioona.

Wapo watakaoniambia kwamba kablasha lililorahisishwa linamfaa kila mtu, kwa hiyo tufanye kwa faida ya wote. Ni kweli linafaa, lakini hoja hiyo siipendi. Inatulazimisha kumtetea dada yule kwa kupitia faida yetu. Hata kama zile kurasa za nukta nundu zingesomwa na yeye peke yake, alialikwa, na aliyealikwa hupewa chakula anachokula.

Baada ya semina ya pili yule dada alikwenda ofisi ya halmashauri kuulizia ile asilimia 2. Alinisimulia mwenyewe. Afisa alimpokea vizuri, akamkalisha, akamwambia taarifa zote za mapato na matumizi ziko wazi, zimebandikwa pale nje kwenye ubao wa matangazo, nyuma ya kioo. Dada akamuuliza ubao uko upande gani. Afisa akamwongoza mpaka pale. Dada akaweka kiganja kwenye kioo, akakisikia kina joto la jua, akasema, "Haya, nisomee." Afisa akacheka kidogo, akadhani ni utani. Akaona hakuna utani. Akavaa miwani akaanza juu kabisa, kwenye ushuru wa mazao, vibali vya ujenzi, leseni, ada za soko, mstari kwa mstari, na watu waliokuwa wakisubiri huduma wakaanza kusogea kusikiliza. Ilichukua kama nusu saa. Alipofika kwenye mikopo ya vikundi akasoma haraka akapita. Dada akamshika mkono wa shati.

"Hapo," akamwambia, "rudia."